Mustang ya Silinda Nane Malindi: Ziada ya Bei Inakwenda Wapi?

Kisa chenyewe ni hiki. Kijana wa Malindi mwenye nyumba za kukodisha wageni upande wa Casuarina, na magari mawili ya kuwachukua wageni hao kutoka uwanja wa ndege wa Mombasa, ameweka akiba kwa miaka na sasa anataka Ford Mustang. Anataka GT, yenye injini ya lita 5.0 na silinda nane. Ipo pia Mustang nyingine yenye bodi ileile, viti vilevile na dashibodi ileile, ila injini yake ni ya lita 2.3, silinda nne na turbo, na bei yake iko chini sana. Kwamba Mustang ni gari zuri hakuna anayebisha. Alichokuja kuniuliza ni kuhusu tofauti ya bei baina ya hizo mbili: je, anachokitoa kinalingana na anachokipata?

Kijana huyo ni mpwa wangu, na kazi yangu ni kukagua magari kwa niaba ya wanunuzi. Alikuja na mkewe, ambaye ndiye anayeweka vitabu vya hesabu vya biashara yao, na nilifurahi kwamba amekuja naye. Mengi ya maana katika kisa hiki yalitoka kwenye maswali ya mke.

Kwanza tuliondoa yasiyowezekana. Mpwa alikuwa ameanza na ndoto ya Dodge Challenger Hellcat, ile ya nguvu farasi 707. Gari hilo lilitengenezwa kwa usukani wa kushoto tu, na Kenya mtu wa kawaida hasajili gari la usukani wa kushoto. Dodge yenyewe iliacha kuliunda mwishoni mwa 2023. Camaro nayo ilitoka kiwandani na usukani wa kushoto, na uzalishaji wake pia ukakoma mwishoni mwa 2023. Mustang ndiyo iliyobaki, kwa sababu kizazi kilichotoka 2015 ndicho cha kwanza ambacho Ford ilikiunda kiwandani kwa usukani wa kulia, kwa ajili ya nchi kama Uingereza, Australia na Afrika Kusini. Kwa mnunuzi wa Kenya njia ya kawaida ni Uingereza. Japani, tunakozoea kuagizia, Ford ilifunga shughuli zake 2016, na Mustang nyingi za huko ni za usukani wa kushoto.

Kuna jambo la historia ambalo linafaa kuwekwa mezani kabla ya hesabu. Magari haya ya misuli ya Kimarekani yalizaliwa yakiwa rahisi. Mwaka 1964 Pontiac ilichukua gari la kawaida la ukubwa wa kati, ikalitia injini ya lita 6.4 na kuliita GTO, na mteja aliongeza chini ya dola 300 tu kupata kifurushi hicho. Mustang ya kwanza, iliyozinduliwa New York tarehe 17 Aprili mwaka huohuo, ilianza kwa dola 2,368. Shabaha ilikuwa kijana mfanyakazi apate nguvu za gari la tajiri kwa nyongeza ndogo. Nyongeza ilikuwa ndogo, na hapo ndipo palipokuwa na uzuri wake. Kwa hiyo anayeuliza kama ziada ya bei inastahili anaigusa hasa sababu iliyofanya magari haya yapendwe.

Malindi ziada hiyo haibaki ndogo, na sababu kubwa ni forodha.

Niliwawekea hesabu kwenye karatasi. Gari linaloingia Kenya hutozwa ushuru wa forodha wa asilimia 35 ya thamani ya forodha, yaani thamani ambayo Mamlaka ya Mapato inalikadiria gari. Juu ya hapo huja ushuru wa bidhaa, na hapa ndipo ukubwa wa injini unapouma: gari la petroli la juu ya cc 1500, yaani lita 1.5, hutozwa asilimia 25, lakini likivuka cc 3000 linatozwa asilimia 35. Kisha VAT ya asilimia 16 juu ya jumla yote hiyo, halafu ada ya tamko la uagizaji ya asilimia 2.5 na tozo ya reli ya asilimia 2. Tozo hizi hupandiana mgongoni, kila moja ikihesabiwa juu ya iliyotangulia, isipokuwa hizo mbili za mwisho.

Kwa kila shilingi milioni moja ya thamani ya forodha, Mustang ya 2.3 hulipa 350,000 za forodha, kisha 337,500 za ushuru wa bidhaa, kisha 270,000 za VAT, kisha 45,000 za tozo mbili za mwisho. Jumla 1,002,500. Yaani ushuru unalingana na gari. GT ya 5.0, kwa milioni ileile, hulipa 1,159,100. Na thamani yake ya forodha haiwi sawa na ya 2.3, iko juu zaidi. Tuchukue mfano tu wa kuelewa: thamani ya milioni 2 kwa 2.3 na milioni 3 kwa GT. Ushuru wa ya kwanza ni 2,005,000. Wa ya pili ni 3,477,300. Tofauti ya milioni moja kule forodhani imekuwa tofauti ya takriban milioni 2.47 mfukoni mwa mnunuzi, na karibu milioni 1.47 ya hizo ni ushuru mtupu.

Mkwe wangu aliitazama karatasi kwa muda.

"Mjomba, kwa hiyo katika kila shilingi mia anazoongeza kwa ajili ya silinda nane, sitini zinabaki bandarini?"

"Karibu sitini, mwanangu. Arobaini ndizo zinazofika kwenye injini."

Naliona hili kuwa kiini cha kisa chote. Watu hubishana kama V8 inastahili bei yake wakidhani bei yote ni ya V8. Anayeagiza Kenya hulipia injini kwa sehemu ndogo, na sehemu kubwa ni ada ya kuwa na injini hiyo. Ada hiyo haiongezi breki, haiongezi mlio, wala haiongezi uimara. Na thamani ya forodha haitegemei ulichomlipa muuzaji wa Uingereza. Mamlaka ya Mapato hutumia orodha yake ya bei za magari mapya na kupunguza kwa umri, hivyo hata ukipata gari kwa bei ya kutupwa kule, ushuru hautakuhurumia.

Umri nao una mpaka wake. Gari la mtumba lisizidi miaka minane, na kwa 2026 maana yake ni usajili wa kwanza wa 2019 au baadaye. Hiyo si habari mbaya. Mustang ya Ulaya ya kuanzia 2018 inapatikana na gia otomatiki ya hatua kumi, GT ikiwa na nguvu farasi 450 na 2.3 ikiwa na 290. Za 2015 hadi 2017 zilikuwa na 421 kwa GT.

Hewa ya Malindi

Hapa kuna hoja inayoiunga mkono GT ambayo sijaisikia ikisemwa na wengi, nami naipa uzito. Injini ya silinda nane ya Mustang haina turbo. Inavuta hewa kama ilivyo. Kadiri unavyopanda juu hewa inakuwa nyepesi, na injini ya namna hii hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu kwa kila mita 1,000. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari. GT ya nguvu 450 inayozungushwa Nairobi inabaki na kitu kama 375. Turbo ya 2.3 huisukuma hewa ndani kwa nguvu, kwa hiyo hupungukiwa kidogo tu. Pengo la nguvu 160 lililoandikwa kwenye vitabu linakuwa Nairobi kama 85 hivi.

Malindi tuko usawa wa bahari. GT inapumua hewa nzito na kutoa karibu yote iliyoahidi, japokuwa joto na unyevu wa Pwani hupunguza kidogo. Turbo kwa upande wake huumizwa na joto: hewa iliyoshindiliwa hupashwa moto, kipozeo cha hewa hiyo, kile cha kiwandani cha 2.3, hujaa joto ukiikamua mara kadhaa mfululizo, na kompyuta hurudisha muda wa cheche nyuma ili injini isigonge. Mnunuzi wa Nairobi na mnunuzi wa Malindi wakilipa ziada ileile, wa Malindi anapata farasi wengi zaidi. Nilimwambia mpwa hivyo bila kumficha, na uso wake ukang'aa.

Lakini farasi hao wafungwe wapi? Barabara ya Malindi hadi Mombasa ni takriban kilomita 120. Kuna matuta Gede, kuna matuta Kilifi, kuna msongamano wa Mtwapa, na kazi ya kuipanua barabara inayopitia Mtwapa kuelekea Kilifi imekuja na michepuko yake. Kikomo cha kasi kwa gari dogo ni kilomita 110 kwa saa pale pa juu kabisa, na 50 mjini. GT hufika 100 kutoka kusimama kwa sekunde 4.3, ya 2.3 otomatiki kwa 5.5. Sekunde moja na ushei. Malindi hakuna uwanja wa mbio ambapo sekunde hiyo itakuwa na maana, na barabarani kuitafuta ni kumtafutia mtu mwingine ajali.

Mpwa alikuwa na jibu, na lilikuwa jibu zuri.

"Mjomba, mimi sitafuti mbio. Nataka kuyapita malori ya saruji pale Vipingo. Ukiwa na nguvu unakaa muda mfupi upande usio wako. Huo ni usalama."

Ni kweli kwamba muda mfupi upande wa kulia ni usalama. Lakini nikamuuliza kuhusu mara zote alizoshuhudia ajali ya kupita katika barabara ile: ilikuwa gari kukosa nguvu, au dereva kutoona kilichokuwa mbele? Bodaboda isiyo na taa, ng'ombe, matatu inayotoka kituoni bila ishara. Kutoka kilomita 80 kwenda 110, magari haya mawili yanatofautiana kwa chini ya sekunde moja au karibu nayo. Tena 2.3 ina mvuto wake mkubwa kabisa mapema, injini ikizunguka karibu mara 3,000 kwa dakika, ambapo ndipo dereva wa kawaida huwa. GT huitaka izunguke zaidi ya 4,000 kabla haijafunguka kikamilifu. Kwa kupita lori, Mustang yoyote ina nguvu za kutosha na kubaki.

Kinachofanya GT kuwa salama zaidi, kwa maoni yangu, ni breki. GT za Uingereza huja na breki za mbele za Brembo zenye pistoni sita na diski za milimita 380. Hizo ni breki za kweli, na baada ya kuzikagua nyingi nasema kwamba kama kuna sehemu ya ziada ya bei inayostahili kila senti yake, ni hiyo. Kwa upande mwingine gari lote limekaa chini, sentimita 14 hivi kutoka ardhini, na GT imeongezewa kilo karibu 80 au zaidi, nyingi zikiwa juu ya magurudumu ya mbele. Njia za matumbawe za kuingilia nyumba za Casuarina na mitaa ya ndani ya Barani haziulizi injini ni ya ngapi.

Gharama za kila siku

Watu wa kijiweni humtisha mnunuzi wa V8 kwa mafuta. Naona wanamtisha kwa kitu kisicho kikubwa. Vipimo vya serikali ya Marekani vya matumizi mchanganyiko vinaipa GT otomatiki takriban kilomita 8 kwa lita na 2.3 takriban 10.6. Kwenda Mombasa na kurudi ni kilomita 240: lita 30 dhidi ya 22.6. Ukikadiria lita kwa shilingi 180, tofauti ni shilingi 1,330 hivi kwa safari. Akienda kila wiki mwaka mzima, ni kama 69,000. Si pesa ya kutupa, lakini si hiyo itakayomuangusha.

Itakayomuangusha ni pesa ya kununulia. Mpwa alikuwa anataka kukopa ile tofauti ya milioni 2.47. Kwa riba ya asilimia 16, tuseme, mwaka wa kwanza pekee riba inakaribia 395,000. Bima kubwa ikikadiriwa kwa asilimia 4 ya thamani inaongeza karibu 99,000 kwa mwaka juu ya ile ambayo angelilipia 2.3. Riba na bima kwa pamoja ni mara saba ya tofauti ya mafuta, na hazionekani kwenye pampu, kwa hiyo hakuna anayezitaja.

Huduma ya injini ina tofauti pia: GT hunywa lita 9.5 za oili kwa kila ubadilishaji, 2.3 lita 5.4. Plagi nane badala ya nne. Matairi ya nyuma ni mapana kuliko ya mbele, 275 kwa 255, kwa hiyo huwezi kuyahamisha mbele na nyuma ili yaishe sawasawa, na Malindi hutayakuta dukani. Utaagiza Mombasa au Nairobi. Hayo yanavumilika kwa mtu aliyejipanga.

Kisha likaja la harusi. Mpwa alisema gari litajilipa: atalikodisha kwa maharusi wa Malindi na Watamu, na kwa wageni wa Kiitaliano wanaotaka kupiga picha. Mkwe akauliza swali moja tu, "Bima inasemaje?" Bima ya gari binafsi haihudumii gari linalokodishwa kwa malipo. Akilikodisha bila bima ya biashara na likagongwa siku ya harusi, hasara yote ni yake. Akichukua bima ya biashara, gharama inapanda. Na hata hapo, bibi harusi anayetaka Mustang kwa picha anaitazama rangi na sura. Ya 2.3 ina sura hiyohiyo. Hoja ya harusi, kama inafaa kitu, inafaa kununua ile ya bei nafuu.

Rafiki zake wa Mombasa walimshauri anunue 2.3 na kuibadilisha programu ya kompyuta ili iongeze nguvu. Sikubaliani nao. Katika joto letu, na kipozeo kilekile cha kiwandani, nguvu hizo za ziada zitakuwepo kwa dakika chache kisha zitayeyuka, na injini itabaki na mkazo. Anayetaka 2.3 aichukue ilivyo.

Chumvi nayo niliizungumza kirefu, maana huyu anaishi karibu na bahari. Gari la Uingereza tayari limepita majira ya baridi ya barabara zinazomwagiwa chumvi. Boneti ya Mustang ni ya alumini, na alumini inapogusana na chuma mahali penye chumvi huanza kuliwa ukingoni, rangi ikivimba kama malengelenge. Likija Casuarina linapokelewa na upepo wa kusi. Lifunikwe, lioshwe chini kwa maji matamu, na diski za breki zisiachwe wiki nzima bila kutumika. Hili ni sawa kwa Mustang zote mbili, isipokuwa kwamba kuharibika kwa gari la bei kubwa ni hasara kubwa zaidi.

Kuna kitu kimoja nilichokiacha kwa makusudi hadi hapa, nacho ni mlio. Mpwa aliniomba nisimcheke alipolitaja. Sikuwa na sababu ya kumcheka. Silinda nane za Mustang huwaka kwa mpangilio usio sawa baina ya pande mbili za injini, na hilo ndilo linalotoa ule mngurumo wa kuyumba unaousikia kifuani. Ya 2.3 huongezewa sauti kupitia spika za ndani ya gari. Mtu aliyejituma tangu ujana akipeleka wageni na kurudi usiku, anayetaka kusikia injini ya kweli kila asubuhi anapoiwasha, anataka kitu halali. Na GT za kuanzia 2018 zina mpangilio wa kuwaka kimya, kwa ajili ya jirani aliyelala. Furaha ni sehemu ya thamani ya gari. Ninachokataa ni furaha hiyo kulipiwa kwa mkopo.

Hukumu yangu ilikuwa hivi. Kuiagiza GT kwa usajili mpya, ziada haistahili, kwa sababu karibu sitini katika mia ya ziada hiyo inanunua ushuru. Kuinunua GT ambayo tayari iko Kenya, ambayo mtu mwingine amekwisha kuilipia ushuru na miaka imeshusha bei yake, ziada inaweza kustahili, na Malindi inastahili kuliko Nairobi kwa sababu ya hewa. Ila iwe kwa pesa taslimu, na isiguse pesa ya magari ya wageni.

"Na kama hakuna inayofaa?" mkwe aliuliza.

"Basi 2.3, mwanangu, na wala asione haya."

Mpwa alikaa kimya, kisha akasema, "Sawa mjomba. Nitatafuta iliyo nchini."

Amepata moja Nairobi, GT ya 2017, ya nguvu 421. Nilimtaka muuzaji aniache niiwashe ikiwa baridi kabisa, niangalie kingo za boneti kwa kidole, nione stakabadhi za forodha na kumbukumbu za huduma, na tupate uthibitisho kwamba kitabu cha gari hakina dhamana ya benki. Boneti ina malengelenge madogo mawili upande wa kushoto, na hayo yameshusha bei. Bei waliyofikia iko chini ya ambayo angelilipa kwa 2.3 ya kuagiza. Mkopo haupo. Lililobaki ni bima kuthibitisha thamani, na muuzaji kukubali kulipia matairi mawili ya nyuma, ambayo yamekwisha.